Tulikiri ahadi ya Mungu kila siku, na mume wangu akafariki: je, Mungu alisema uongo?

*Swali: Bwana Yesu asifiwe, mchungaji. Mume wangu aliugua saratani kwa miezi 14. Mwanzoni mwa ugonjwa mtumishi mmoja alituombea, akatupa Zaburi 118:17, "Sitakufa bali nitaishi, nami nitayasimulia matendo ya BWANA," akasema hilo ni neno la Mungu kwa mume wangu. Niliuandika mstari huo kwa kalamu nyekundu, nikaubandika ukutani juu ya kitanda chake, tukawa tunaukiri asubuhi na jioni. Nilifunga, nilikesha. Alifariki miezi saba iliyopita. Tangu hapo nikifungua Biblia moyo hunienda mbio, naifunga. Mtu mmoja wa kanisani aliniambia huenda tuliacha mlango wa shaka wazi. Wengine hunitumia Yeremia 29:11 kwenye simu. Kijana wetu wa miaka 16 amekataa kwenda ibadani, anasema Mungu hakutusikiliza. Je, Mungu alisema uongo, au mimi sikuamini vya kutosha? Na nitapataje faraja kwa ahadi zilezile zilizonivunja moyo?*

Dada yangu mpendwa, pole sana. Umefiwa na mume, na pamoja na msiba huo umebebeshwa mashaka mawili ambayo yangetosha kumlemea mtu hata asiye na msiba: kwamba labda Mungu uliyemtumaini ni mwongo, au kwamba labda wewe ndiwe uliyesababisha mumeo akose uponyaji. Nitakujibu moja kwa moja kabla ya kueleza lolote. Mungu hakusema uongo, wala shaka yako haikumuua mume wako. Kuna jibu la tatu ambalo hukulitaja katika swali lako, na ninadhani hukulitaja kwa sababu ya heshima: kwamba yule mtumishi alisema jambo ambalo Mungu hakumtuma aliseme.

Nianze na lawama, kwa sababu ndiyo inayokukosesha usingizi. Aliyekuambia habari za mlango wa shaka ameifanya imani kuwa nguvu ambayo ikifikia kiwango fulani humlazimisha Mungu kutenda, na ikipungua kidogo tu mgonjwa hufa. Imani inayofundishwa katika Biblia ni kumwegemea Mungu aliye mwema, hata pale mtu anapomwegemea huku mikono ikitetemeka. Baba wa yule kijana mwenye pepo alimlilia Yesu akisema, "Naamini, nisaidie kutokuamini kwangu," na mwanawe akaponywa saa ileile, ingawa shaka ilikuwa imetamkwa waziwazi mbele ya Bwana.

Tena soma Matendo ya Mitume sura ya 12 taratibu siku utakapoweza. Mfalme Herode alimwua Yakobo, ndugu yake Yohana, kwa upanga, kisha akamkamata Petro. Kanisa lilimwomba Mungu kwa juhudi kwa ajili ya Petro, naye malaika akamtoa gerezani usiku. Petro alipobisha hodi kwenye nyumba walimokuwa wakiomba, kijakazi Roda akakimbia kuwaambia, nao wakamwambia ana wazimu. Watu hao walikuwa wakiomba jambo ambalo hawakutegemea kuliona, na lilipofika mlangoni hawakulisadiki, lakini Petro alikuwa huru. Yakobo, mmoja wa wale watatu waliokuwa karibu na Yesu kuliko wengine, alikuwa tayari amezikwa. Hakuna mahali katika sura hiyo panaposemwa kwamba waliompenda Yakobo waliamini kidogo kuliko waliompenda Petro. Luka, mwandishi wa kitabu hicho, ameyaandika mambo hayo mawili katika sura moja bila kuyaeleza, na mimi nimejifunza kuuheshimu ukimya wake.

Paulo naye aliomba mara tatu mwiba wake, yaani taabu iliyomsumbua mwilini, uondolewe, akaambiwa, "Neema yangu yakutosha." Alimwacha Trofimo, mtenda kazi mwenzake, akiwa mgonjwa huko Mileto. Na Yesu mwenyewe, katika bustani ya Gethsemane, aliomba mara tatu kikombe kile cha mateso kimwepuke, lakini alikinywa. Kama kipimo cha imani ni kupata kile ulichoomba, basi itabidi tuseme kwamba hata Mwana wa Mungu alipungukiwa, na hakuna Mkristo anayethubutu kusema hivyo. Mtu akikurudia tena na habari za mlango wa shaka, huna haja ya kubishana naye. Rafiki watatu wa Ayubu walikaa naye chini kimya siku saba mchana na usiku, na hilo lilikuwa jambo jema kuliko yote waliyomfanyia. Walipofungua vinywa na kuanza kumtafutia kosa, mwisho wake Mungu aliwaambia kwamba hawakunena yaliyo sawa juu yake. Zingatia kwamba Ayubu aliyelalamika ndiye aliyesifiwa kuwa amenena sawa.

Sasa tuutazame mstari wenyewe. Zaburi 118 ni wimbo wa shukrani wa mtu ambaye alizungukwa na adui, akasukumwa hata akataka kuanguka, kisha Mungu akamwokoa. Anaposema "Sitakufa bali nitaishi," anashuhudia wokovu alioupata. Hatabiri kwamba kila mgonjwa atakayesomewa maneno hayo atapona. Ni halali kabisa kuyaomba maneno hayo kando ya kitanda cha mgonjwa, na nyinyi hamkukosea kuyaomba. Kosa liko katika kumchukua mtu mmoja, ugonjwa mmoja na wakati mmoja, na kusema, "Mungu ametamka kwamba huyu hatakufa kwa ugonjwa huu." Kwa tamko la namna hiyo mstari peke yake hautoshi, mtumishi angehitaji kuwa ameambiwa na Mungu kweli.

Biblia haituachi gizani kuhusu jambo hili. Kumbukumbu la Torati 18:22 inasema kwamba nabii akinena kwa jina la BWANA na jambo lile lisitukie, basi hilo ndilo neno asilolinena BWANA. Na Paulo, akiwaandikia Wathesalonike, anawaambia wasiudharau unabii, kisha papo hapo anawaambia wajaribu mambo yote na kulishika lililo jema. Kwa hiyo unaposema, "Neno lile halikutoka kwa Mungu," humkufuru Mungu wala humdharau mtumishi wake, bali unafanya kile ambacho Maandiko yamekuagiza. Sijui moyo wa mtumishi huyo, na inawezekana kabisa kwamba alisema kwa huruma, akiwa na hamu kubwa ya kumwona mumeo akiinuka. Lakini huruma haimpi mtu ruhusa ya kuweka sahihi ya Mungu chini ya matumaini yake mwenyewe, kwa maana maneno yale yasipotimia, anayelipa gharama ni mjane na watoto wake. Ninalisema hili kwa uchungu, kwa sababu jambo hili hufanyika mara nyingi mno, na mara nyingi anayelifanya haonekani tena baada ya mazishi. Ukiona unaweza, na ukiwa na mtu wa kukusindikiza, unayo haki ya kumwambia mtumishi huyo kilichotokea katika nyumba yako baada ya neno lake. Usipoweza, si lazima.

Hata hivyo sitaki uondoke ukidhani kwamba Zaburi 118 imekufa pamoja na mume wako. Zaburi ya 113 hadi ya 118 ndizo ambazo Wayahudi wameziimba katika Pasaka tangu zamani. Mathayo anaandika kwamba usiku ule wa karamu ya mwisho, Yesu na wanafunzi wake waliimba kabla ya kutoka kwenda mlima wa Mizeituni, na wafafanuzi wengi wa Maandiko wanaona kwamba walikuwa wakiimba zaburi hizo. Kama ndivyo, basi Yesu aliyatamka kwa kinywa chake maneno ya "Sitakufa bali nitaishi," na kesho yake alikuwa amekufa msalabani. Mariamu mama yake, kama angeulizwa jioni ya Ijumaa ile kuhusu ahadi za Mungu, angeweza kuandika swali lako neno kwa neno. Waraka kwa Waebrania 5:7 unasema kwamba Yesu alimtolea yule awezaye kumwokoa na mauti maombi na dua pamoja na kulia sana na machozi, *akasikilizwa*. Alisikilizwa, naye alikufa. Mungu alimjibu upande wa pili wa kaburi, siku ya tatu.

Hapo ndipo ahadi za Mungu zinapokaa, dada yangu, na ndiyo sababu Paulo anasema kwamba ahadi zote za Mungu katika Kristo ni Ndiyo. Hazikai katika uwezo wetu wa kuzikiri bila kukosea, wala katika tarehe tunazozipangia, bali zimebebwa na mtu ambaye ameingia mautini na kutoka. Yesu alimwambia Martha, aliyekuwa amefiwa na ndugu yake siku nne zilizopita, "Mimi ndimi huo ufufuo, na uzima. Yeye aniaminiye mimi, ajapokufa, atakuwa anaishi." Neno "ajapokufa" limo ndani ya ahadi yenyewe. Ikiwa mumeo alimwamini Kristo, ahadi hiyo inamhusu leo, na hakuna chumba cha hospitali kilichoweza kuifuta.

Kuhusu Yeremia 29:11 nitasema machache, kwa kuwa wanaokutumia wana nia njema. Maneno hayo yalikuwa katika barua ya Yeremia kwa watu waliokuwa wamechukuliwa mateka Babeli. Mstari unaoutangulia, wa 10, unasema kwamba watakaa huko miaka 70. Nabii mwingine, Hanania, alikuwa ameahidi kwamba mambo yangetengemaa ndani ya miaka miwili, na bila shaka ujumbe wake ulipendwa zaidi, lakini Mungu hakuwa amemtuma. Wengi wa watu wazima walioisikia barua ya Yeremia ikisomwa walikufa ugenini. Mungu hakuwaficha hilo. Aliwaambia wajenge nyumba, wapande bustani, waoe na kuzaa, wauombee amani mji waliohamishiwa, na ndani ya hali hiyohiyo akawaambia kwamba anawawazia mawazo ya amani. Ukiusoma pamoja na miaka yake 70, mstari huo hauwi tena salamu ya kumwambia mtu aache kulia. Ni neno la Mungu kwa watu ambao wataishi na hasara yao kwa muda mrefu, nao hawajaachwa.

Utaniuliza basi ni nini hasa Mungu amekuahidi, ili usije ukajenga tena juu ya jambo ambalo hakulisema. Njia ninayoiamini ni kuuliza kila ahadi ilitolewa kwa nani, na kama Agano Jipya linaipeleka kwa wote walio wa Kristo. Mungu alimwambia Yoshua kwamba hatamwacha; ahadi hiyo ilikuwa ya Yoshua, lakini Waebrania 13:5 inaichukua na kuwapa waumini wote: "Sitakupungukia kabisa, wala sitakuacha kabisa." Hiyo ni yako. Ni yako pia ahadi ya Warumi 8, kwamba mauti wala uzima havitaweza kukutenga na upendo wa Mungu, na kwamba usipojua kuomba Roho mwenyewe hukuombea kwa kuugua kusikoweza kutamkwa. Ni yako ahadi kwamba Bwana yu karibu nao waliovunjika moyo, na kwamba siku inakuja ambapo atafuta kila chozi wala mauti haitakuwapo tena. Msamaha wa dhambi ni wako. Afya ya mwili hadi uzeeni, kwa kila aaminiye, sioni ikiahidiwa popote; badala yake Yesu alisema, "Ulimwenguni mnayo dhiki."

Wako Wakristo wanyofu wasiokubaliana nami hapo, wanaofundisha kwamba uponyaji wa mwili ni haki ya kila mwamini sasa hivi. Sitawaita wabaya. Mimi mwenyewe naamini kwamba Mungu huponya, na Yakobo 5:14 inapoagiza wazee wa kanisa waitwe wamwombee mgonjwa na kumpaka mafuta, natii. Lakini nikiwa kando ya kitanda ninaomba uponyaji kwa nguvu zangu zote, na siutangazi kabla haujaja. Nimeona tofauti inayopatikana miezi baadaye, katika nyumba za waliofiwa.

Kuna usemi mwingine ambao huenda umeshaambiwa, kwamba Mungu hampi mtu mzigo asioweza kuubeba. Watu huutoa katika 1 Wakorintho 10:13, ambayo inahusu majaribu ya kutenda dhambi na njia ya kuyaepuka. Kuhusu mizigo ya maisha, Paulo huyohuyo aliandika katika 2 Wakorintho 1:8 kwamba walilemewa mno kuliko nguvu zao, hata wakakata tamaa ya kuishi. Kwa hiyo ukisema, "Hili limenizidi," umesema kweli tu, na mtume amelisema kabla yako.

Sasa nieleze kwa nini moyo unakwenda mbio unapofungua Biblia, maana naona umeichukua hali hiyo kama ushahidi kwamba umepoteza imani. Kwa miezi 14 uliyasoma maneno ya Mungu ukiwa na hofu, ukisikiliza pumzi za mgonjwa, ukiwa umelala saa chache. Mwili hujifunza. Mambo mawili yakitokea pamoja mara nyingi na katika hofu kubwa, mwili huyaunganisha, hata baadaye moja likitokea peke yake mwili huitika kana kwamba lile la pili nalo limerudi. Kwako wewe, kurasa za Zaburi zimeunganishwa na chumba kile, kitanda kile na karatasi yenye wino mwekundu. Unapozifungua, mwili wako unajiandaa kwa habari mbaya ambayo ilishakuja. Hiyo ni kumbukumbu ya mwili, nayo hupungua mtu anaporudi polepole, kwa hatua ndogo, mahali penye utulivu, akiwa na mtu salama. Huzuni nzito pia hupunguza uwezo wa kusoma na kukumbuka. Mtu husoma sura nzima asijue amesoma nini. Usijihukumu kwa hilo.

Kwa hiyo usianze kwa kujilazimisha kusoma kama zamani. Mwombe mtu mmoja unayemwamini, asiye na tabia ya kufundisha kila anapokaa, akusomee zaburi moja fupi kwa sauti huku wewe ukisikiliza tu. Ukichoka katikati, mwambie aache. Anzeni na Zaburi ya 13, ambayo ina mistari sita, na ambayo inaanza hivi: "Ee BWANA, hata lini utanisahau, hata milele?" Baada ya muda nendeni kwenye ya 42, ambapo mtu anaiuliza nafsi yake kwa nini inainama. Kisha, mkiweza, ya 88. Hiyo ya 88 ni zaburi isiyo na mwisho mzuri. Mwandishi anamlilia Mungu mchana na usiku, anamwambia kwamba amemtupa na kumficha uso wake, na zaburi inafungwa gizani bila shukrani wala kicheko. Lakini Mungu aliihifadhi katika Kitabu chake. Mara nyingi tunawapa waliofiwa mistari ya ushindi peke yake, wakati katika Zaburi 150 nyingi sana ni za maombolezo. Mtu anayelalamika mbele za Mungu bado anazungumza naye, na anayemkumbusha Mungu ahadi yake kwa machozi anaishika ahadi hiyo kwa nguvu kuliko anayeikariri bila kutaka kitu. Martha na Mariamu wote wawili walimwambia Yesu, "Bwana, kama ungalikuwapo hapa, ndugu yangu hangalikufa." Hakuwakemea. Alijua kwamba muda si mrefu atamfufua ndugu yao, Lazaro, na bado alilia machozi.

Nimelitaja hilo kwa makusudi, kwa sababu wengi wanadhani faraja ya Mungu ikifika huzuni huondoka, na kwa hiyo kama bado unalia basi faraja haijafika. Paulo anawaambia Wathesalonike wasihuzunike kama wengine wasio na matumaini, hakuwaambia wasihuzunike. Faraja inaweza kuanza kama jambo dogo sana: usiku mmoja unapata usingizi wa saa tano, au unamwambia Mungu, "Nimekukasirikia," na baada ya kusema hivyo unaona kwamba hujakimbiwa. Nabii Elia alipokaa chini ya mti wa mretemu akiomba afe, Mungu hakumpa hotuba. Alimwacha alale, akamtuma malaika na mkate uliookwa juu ya makaa na gudulia la maji, akamwacha alale tena, akamlisha tena, na maelezo pekee aliyopewa ni kwamba safari ilikuwa kubwa mno kwake. Mazungumzo yake na Mungu kwenye mlima Horebu yalikuja baadaye. Kula chakula chako, dada, hata kidogo, na ulale unapoweza. Katika Biblia hayo nayo yameletwa na malaika.

Na ile karatasi, kama bado unayo, usiichane kwa hasira wala usiiache ukutani kama hukumu. Iweke ndani ya Biblia kwenye Yohana 11, sura ya Martha na Lazaro, na uiache humo. Ipo siku utaweza kuisoma ukiwa umesimama upande wa ufufuo. Siku hiyo haina tarehe, na hakuna mtu aliyepewa mamlaka ya kukupangia.

Nije kwenye msaada wa ana kwa ana, maana maandishi yana mpaka wake. Miezi saba baada ya kumzika mume, kulia, kukasirika, kumsikia kana kwamba anaingia mlangoni, yote hayo ni mambo ya kawaida ya maombolezo. Lakini ikiwa kwa majuma mawili au zaidi, karibu kila siku, huna hamu ya jambo lolote, huli au huwezi kulala, umeshindwa kufanya kazi zako za kila siku, na umejaa mawazo kwamba huna thamani au kwamba wewe ni mwuaji, hiyo inaweza kuwa sonona, na sonona ni ugonjwa unaotibika. Mwone daktari au mtaalamu wa afya ya akili. Mweleze pia kuhusu moyo kwenda mbio, apime, ili kama kuna sababu nyingine mwilini ijulikane. Kumwendea daktari si kumkimbia Mungu: Luka, aliyeandamana na Paulo, anaitwa tabibu mpendwa, na Paulo huyohuyo alimshauri Timotheo atumie mvinyo kidogo kwa ajili ya tumbo lake na magonjwa yaliyompata mara kwa mara. Ikiwa yamekujia mawazo ya kutaka kufa ili umfuate mumeo, au umeanza kufikiria njia ya kufanya hivyo, usingoje ibada ya Jumapili wala jibu langu jingine. Mwambie mtu aliye karibu nawe leo hii akae nawe, na akupeleke hospitali.

Tafuta pia mchungaji au mzee wa kanisa wa kukutembelea mara kwa mara. Utamtambua kwa jinsi anavyouliza maswali kabla ya kujibu, anavyolitaja jina la marehemu bila kuogopa, na anavyoweza kukaa nawe bila kukimbilia kufunga kwa sala. Akianza kutafuta dhambi iliyomwua mumeo, au akikuambia uache dawa ili kuonyesha imani, muage kwa heshima na utafute mwingine, hata ikibidi katika ushirika mwingine.

Mwisho ni kijana wenu. Anaposema kwamba Mungu hakuwasikiliza, anasema maneno ambayo yamo katika Zaburi ya 22, ile ambayo Yesu aliianza msalabani, kwa hiyo usiogope kwamba amepotea, wala usimburute kwenda ibadani. Mwambie ukweli, kwa lugha ya mtu mzima: kwamba yule mtumishi alikosea, kwamba nyinyi mliamini neno ambalo Mungu hakulisema, na kwamba wewe pia una maswali na bado unamwomba Mungu. Kijana wa umri huo hutambua haraka mama anapojikaza, na ukijikaza atajifunza kwamba mbele za Mungu mtu huvaa uso wa bandia. Kama yupo mwanamume wa imani aliyemfahamu baba yake, mwombe awe anakaa naye, wafanye kazi au wacheze pamoja, bila mahubiri. Kama kijana amejitenga na rafiki zake, ameacha masomo, ameanza kulewa au anazungumzia kufa, naye apelekwe kwa mtaalamu bila kuchelewa.

Lakini kuna jambo moja ningekuomba ulifanye mapema, ikiwezekana juma hili. Yeye pia alikuwa anaukiri mstari ule asubuhi na jioni, na huenda naye alisikia maneno ya mlango wa shaka. Vijana wengi wa nyumba za imani hubeba siri kwamba wao ndio walioshuka moyo siku fulani, ndio waliosinzia kwenye kesha, ndio waliowaza "baba atakufa" na wakaliruhusu wazo hilo likae. Muulize kwa upole kama amewahi kudhani kwamba baba yake alikufa kwa sababu yake. Akisema ndiyo, au akinyamaza tu, mweleze yote niliyokuandikia hapa kuhusu Yakobo, Petro na Roda, na umwambie kwa kinywa chako kwamba hakumuua baba yake. Habari za kurudi ibadani mtazizungumza baada ya hilo.